MGENI NI KUKU MWEUPE

Wazee husema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake haihitaji kufafanuliwa sana: kuku mweupe akiingia katika kundi huonekana na kila jicho, la mtu na la mwewe pia. Methali hii yamfaa kila mgeni, lakini huenda haikupata kumfaa mtu ye yote kuliko mmisionari wa kwanza aliyepiga hema lake chini ya Mlima Kenya, katika nchi za Embu na Meru, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Yeye alikuwa mweupe kwa rangi, na mgeni kwa kila jambo. Hakujua jina la mto aliouvuka asubuhi, wala hakujua ni nani kati ya wazee waliomtazama aliyestahili kusalimiwa kwanza. Alikuja akisema kwamba ameleta mafundisho. Lakini mtu akizitazama vizuri siku zake za kwanza ataona kwamba mwalimu hakuwa yeye. Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Historia ya misheni aghalabu husimuliwa kuanzia kwenye jiwe la msingi. Hutajwa mwaka, hutajwa jina la Mzungu, kisha huhesabiwa makanisa, shule na vitanda vya hospitali. Siku za kwanza, kabla ya jiwe lo lote kuwekwa juu ya jingine, hupitwa upesi kama mtu apitavyo kijiji asichokuwa na ndugu ndani yake. Hiyo ni hasara, kwa maana siku hizo ndizo zilizoamua mambo mengi yaliyokuja baadaye, mema na mabaya.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi miaka yenyewe ilivyofuatana. Serikali ya Kiingereza ilitangulia. Boma la Embu lilijengwa mwaka 1906, baada ya jeshi kuingia nchi hiyo kwa bunduki, watu wakauawa na mifugo yao ikatekwa. Boma la Meru likafuata mwaka 1908, chini ya Bwana E. B. Horne. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Church Missionary Society, T. W. W. Crawford, mtu wa Kanada, alifika pamoja na mkewe akakaa Kigari, karibu na boma la Embu. Mwaka 1911 mapadre Waitalia wa Consolata, ambao walikuwa wamefika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, waliingia Meru. Mwaka 1912 Wamethodisti J. B. Griffiths na Frank Mimmack walianza kazi Kaaga, mwendo mfupi tu kutoka boma la Meru. Na mwaka 1922 Dakta A. Clive Irvine wa Misheni ya Kanisa la Scotland alihamia Chogoria, katika nchi ya Mwimbi. Misheni za Kiprotestanti ziligawana nchi kama ndugu wagawanavyo shamba la marehemu baba yao: Embu ikawa ya Waanglikana, Chuka na Mwimbi za Waskoti, Imenti, Tigania na Igembe za Wamethodisti. Wenye shamba, ambao walikuwa hai, hawakuulizwa.

Sasa itazame tena miaka hiyo. Kati ya bunduki za mwaka 1906 na hema la Kigari ilipita miaka 4 tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alikuwa bado hajaanza kuchunga mbuzi. Je, mtu wa Embu aliyempoteza ndugu yake au ng'ombe wake angewezaje kumtofautisha Mzungu wa bunduki na Mzungu wa dawa? Kofia zao zilikuwa sawa, viatu vyao vilikuwa sawa, na tena walionekana wakila meza moja. Huu ndio mzigo ambao mmisionari mpya aliufikia bila ya kujua. Katika orodha ya mizigo yake ziliandikwa hema, vyungu, vitabu na sanduku la dawa. Mzigo huu mwingine haukuandikwa, nao ulikuwa mzito kuliko yote.

Safari yenyewe ilikuwa darasa la kwanza. Reli ilifika Thika mwaka 1913 na Nanyuki mwaka 1930. Kwa hiyo aliyekwenda Embu mwaka 1910 au Meru mwaka 1912 hakuwa na gari la kumfikisha. Alikwenda pamoja na mstari wa wapagazi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hivi. Nchi yenyewe imekatwa na mito itokayo mlimani, kila mmoja ndani ya bonde lake: Rupingazi, Ena, Thuci, Ruguti, Tungu, Naka, Nithi. Mtu hushuka, huvuka, hupanda. Akifika juu na kutazama mbele, huona bonde jingine linamngoja. Hata leo, ijapokuwa kuna lami na daraja la saruji, abiria wa basi linaloteremka kwenye bonde la Nithi hupunguza mazungumzo yao.

Katika mabonde hayo mgeni alijifunza kwamba uhai wake umo mikononi mwa watu wengine. Mpagazi ndiye aliyejua mahali pa kuvukia. Mwenyeji ndiye aliyejua kama mvua iliyonyesha mlimani usiku itaufurisha mto kabla ya adhuhuri. Mzungu aliyeandika katika daftari lake ya kwamba leo amevuka mto fulani, aghalabu alivushwa. Mkewe Dakta Crawford, Bibi E. May Crawford, alichapisha mjini London mwaka 1913 kitabu juu ya safari na kazi yao, akakiita By the Equator's Snowy Peak, yaani kando ya kilele chenye theluji kwenye ikweta. Lakini kilele hicho kilikuwa na majina yake tangu zamani. Waembu walikiita Kirinyaga, na Wameru wakakiita Kirimaara. Kuyajifunza majina hayo kulikuwa sehemu ya kufika.

Mgeni akiisha kufika huhitaji mahali pa kukaa. Hapa Wameru wanayo simulizi, nayo imehifadhiwa na Wamethodisti wenyewe. Kaaga palikuwa mahali pa msitu palipoogopwa. Ndani ya jina hilo limo neno aga, maana yake waganga, na watu waliamini kwamba huko ndiko laana na nguvu mbaya zilikotupwa ili zisiwadhuru walio hai. Hakuna aliyelima hapo wala kujenga. Wageni walipotaka ardhi, hapo ndipo walipopewa. Wengi walitazamia kwamba hazitapita siku nyingi kabla ya wale Wazungu kufa au kukimbia. Siku zikapita, na moshi ukaendelea kupanda kutoka mekoni mwao kila asubuhi. Wakakata miti, wakajenga, wakalala, wakaamka.

Simulizi hii hupendwa sana katika sherehe za kanisa, kwa kuwa inaonyesha imani ya wale watu wawili. Imani waliyokuwa nayo haina shaka. Lakini inafaa kuitazama pia kutoka upande wa wazee waliopaonyesha mahali hapo, kwa maana katika simulizi hii wao ndio wenye akili. Hawakumkataa mgeni, kwa sababu nyuma yake palikuwa na boma, na boma lilikuwa na askari. Hawakumpa shamba la mtu, kwa sababu shamba la mtu ni uhai wa ukoo wake. Walimpa mahali ambapo hapakuwa na mwenye kupoteza kitu, kisha wakakaa kando wakimtazama. Akifa, imekwisha. Asipokufa, hapo tena itastahili kumsikiliza. Huo ulikuwa mtihani, na mtihaniwa hakuambiwa kwamba anatahiniwa. Ni mtu gani aliyehamia ugenini asiyejua mtihani wa namna hiyo?

Baada ya mahali pa kulala huja lugha. Griffiths alikuwa ametumika pwani, ambako Wamethodisti walikuwa na kazi tangu mwaka 1862, karibu na Mombasa. Lakini Kiswahili cha pwani hakikumfikisha mbali katika vilima vya Imenti ya mwaka 1912. Kilifahamika bomani, kwa askari na wachuuzi. Kwa mama aliyekuwa akipalilia njahi shambani kilikuwa sauti ya wageni tu. Kwa hiyo ilibidi maneno yapite vinywa viwili: kutoka Kiingereza mpaka Kiswahili, kutoka Kiswahili mpaka Kimeru, na jibu lirudi kwa njia ile ile. Maji yanayobebwa kwa viganja kutoka mtoni mpaka nyumbani hufika machache, na hayo machache yana udongo.

Mgeni mwenye busara aliacha njia hiyo mapema, akaketi na watoto na vijana, akawa anaelekeza kidole na kuuliza jina la kila kitu. Hilo nalo lina hatari zake, kwa sababu mtu akielekeza kidole mlimani, yawezekana akatajiwa jina la mlima, au la wingu, au la kidole. Tena Kiembu na Kimeru vina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano tu, na sikio la Mwingereza hufurahi kuzichanganya. Vijana waliokuwa wakimfundisha walicheka hata wakashikilia mbavu. Basi hapo ndipo pa kumpima mgeni. Yuko mtu ambaye akichekwa hufunga daftari lake, akaamuru aletewe mkalimani. Na yuko ambaye akichekwa hucheka pia, akalirudia neno mara ya nne na ya tano mpaka likae sawa. Wa kwanza atakaa miaka 20 na kuitwa Bwana. Wa pili ataitwa nyumbani kwa watu.

Kazi hiyo iliyoanza kwa kidole na kicheko haikuisha upesi. Biblia nzima katika Kimeru ilitoka mwaka 1964, miaka 52 baada ya hema la Kaaga. Na haikutengenezwa na Wazungu peke yao. Bila ya Wameru kama Philip M'Inoti, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Meru, aliyekuwa mchungaji na pia aliandika juu ya asili na desturi za watu wake, kazi ya kanisa katika lugha hiyo isingalisimama. Kila kitabu kina jina la mfasiri, lakini nyuma ya jina hilo kuna mtu fulani aliyekaa barazani jioni akisema, "La, sisi hatusemi hivyo."

Watu nao walikuwa na njia yao ya kuandika habari za mgeni, ingawa hawakuwa na karatasi. Walimpa jina. Bwana Horne wa boma la Meru aliitwa Kangangi, yaani yule mdogo azungukaye-zunguka, kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Leo alikuwa Igoji na kesho Tigania. Jina la namna hiyo lilikuwa kama barua ya ushahidi ambayo mwenyewe hawezi kuisoma wala kuifuta. Lilitembea mbele yake, likafika vijijini kabla hajafika. Mmisionari mpya vilevile alitazamwa kwa siku chache, jinsi anavyokwenda, anavyokasirika, anavyokula, kisha akapewa jina. Akiletewa uji wa wimbi katika kibuyu na akauonja tu kwa adabu, ilionekana. Akiumaliza, hilo nalo lilionekana. Kuku mweupe hana mahali pa kujificha.

Lakini jambo lililomfanya mgeni asikilizwe kuliko mahubiri yake lilikuwa sanduku la dawa. Crawford wa Kigari na Irvine wa Chogoria wote wawili walikuwa madaktari, na watu walikuja kwao na vidonda vya miguu, homa, macho na buba. Katika miaka ya 1920 buba ilikuwa imeenea sana katika Afrika ya Mashariki, na sindano mpya za wakati ule ziliweza kuvikausha vidonda vyake upesi hata watu wakastaajabu. Mtu aliyekuwa akijificha kwa aibu ya vidonda alirudi sokoni na ngozi safi, na sindano ikapata sifa kuliko mtu aliyeishika.

Hata hivyo katika kazi hiyo ya rehema ulifichika mtego mkubwa. Kwa desturi ya wakati ule katika sehemu nyingi za nchi za mlima, maiti hazikuzikwa, ila za wazee wenye heshima na mali. Wengine walipelekwa porini, na mgonjwa aliyeonekana kuwa anakata roho alitolewa nje kabla ya kufa, kwa sababu nyumba aliyofia mtu ilikuwa na najisi na yapasa kuhamwa. Aliyegusa maiti alikuwa na unajisi mpaka atakaswe. Sasa mtazame daktari mpya. Anajenga kibanda cha wagonjwa, anasema, "Waleteni walale humu." Anafikiri anajenga hospitali. Machoni pa wenyeji anajenga nyumba ambayo siku moja mtu atafia ndani, na siku hiyo hapana mtu atakayebaki humo.

Na siku hiyo huja kwa kila daktari. Nani atambeba marehemu? Daktari hawezi kubeba machela peke yake, nayo ina ncha mbili. Katika misheni za nchi za mlima walioshika ncha ya pili walikuwa vijana wachache waliokuwa wakisoma hapo, na kwao halikuwa jambo dogo. Mzungu alipomshika marehemu hakupoteza kitu, kwa kuwa hakuwa na mama ambaye angekataa kumpa chakula, wala mchumba ambaye baba yake angeirudisha mahari. Kijana aliviweka hivyo vyote juu ya machela. Watu wakishangaa leo jinsi hospitali za Chogoria na Maua zilivyokua, na wakiyataja majina ya madaktari, ni haki kuukumbuka mkono ule mwingine. Huo nao ulikuwa wa mmisionari, ingawa hakuna ripoti iliyouita hivyo.

Hakika habari ya Chogoria inaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko nyingine. Dakta J. W. Arthur wa misheni ya Kikuyu aliizuru nchi ya Mwimbi mwaka 1915, lakini Vita Kuu vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwaka 1917 Dakta Arthur mwenyewe aliongoza watu wa misheni karibu 2,000 kwenda katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani kuwabebea askari mizigo. Hapakuwa na Mzungu wa kupelekwa Mwimbi. Basi walioanza kazi Chogoria walikuwa walimu Waafrika waliotumwa na misheni hiyo kutoka nchi ya Wakikuyu, nao walikaa huko miaka kadhaa kabla ya Irvine kuhamia.

Walimu hao nao walikuwa wamisionari wapya katika nchi ngeni. Nywele na ngozi zao zilikuwa kama za wenyeji, na lugha yao ilikuwa jirani ya Kimwimbi, lakini jirani si ndugu. Mgeni mweusi naye ni kuku mweupe. Pengine hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu Mzungu akikosea husemwa kwamba ni Mzungu, hajui. Mwenzetu akikosea husemwa kwamba ametudharau. Nyuma yao hapakuwa na boma wala sanduku kubwa la dawa. Walikuwa na kitabu, kibao cha kuandikia, na subira yao. Hao ndio waliosafisha mahali, wakakusanya watoto wa kwanza, wakazoea matusi ya kwanza.

Kwa hiyo Irvine alipofika Oktoba 1922 hakukuta pori tupu. Aliukuta mlango ulio wazi, uliokuwa umefunguliwa na watu wengine. Alikuwa amekwisha kutumika katika Afrika ya Mashariki kama daktari wakati wa vita, na baba mkwe wake, Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi, alitoa fedha ili kazi ya Chogoria ianze. Alikaa huko karibu miaka 40. Alijenga, alitibu, alifundisha, akajifunza lugha. Hakuna mtu wa haki atakayeikana kazi yake.

Lakini mwaka 1929 ulimpata hata yeye. Misheni ya Scotland iliwataka Wakristo wake waweke ahadi ya kuacha kabisa tohara ya wasichana, na Chogoria ahadi hiyo ilidaiwa kwa nguvu. Wengi waliondoka kanisani, watoto wakatolewa shuleni, na kazi ya miaka 7 ikawa kama shamba lililopigwa na mvua ya mawe. Daktari hakukosea juu ya mwili wa msichana: madaktari wa misheni walikuwa wakiwaona wanawake wakiteswa, hata wakifa katika kuzaa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza jambo hilo kabisa. Lakini alisahau somo la siku za kwanza. Aliyetaka kibali cha wazee ili apate mahali pa kupiga hema, hakukingoja kibali hicho alipotaka kuigusa nyumba ya ndani kabisa ya maisha yao.

Na wala Wazungu hawakuwa peke yao katika kosa la namna hiyo. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, wakishirikiana na Serikali, walipiga marufuku tohara hiyo katika Meru. Wasichana wengi wakajitahiri wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Amri ilitoka kwa wenyeji, tena wazee wa heshima, lakini wasichana wenyewe hawakuwa wameulizwa. Neno la kweli likija kama amri huwafanya watu washikilie kile walichokuwa karibu kukiacha. Likija kwa mazungumzo hukawia, lakini likifika hukaa.

Baada ya mwaka 1929 watu walirudi Chogoria polepole, mmoja mmoja. Waliomrudia daktari walikuwa wanayajua makosa yake na pia usiku aliokesha kando ya wagonjwa wao, wakapima yote mawili kwa mizani moja. Kisha nyumba zilizojengwa na wageni zikapita mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1956 Misheni ya Scotland iliikabidhi kazi yake kwa Kanisa la Presbyterian la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya lilianza kujitawala, na kutoka mwaka 1970 liliongozwa na mtu wa Meru, Lawi Imathiu. Embu ikapata jimbo lake la Katoliki mwaka 1986, na askofu wake wa kwanza, John Njue, alikuwa mwana wa nchi hiyo hiyo.

Na sasa njia imegeuka. Shirika la Consolata, lililowaleta Waitalia chini ya Mlima Kenya, linao mapadre na masista Wakenya wanaotumwa nchi za mbali. Kijana anaagwa na mama yake, anapanda ndege, anashuka mahali ambapo chakula ni kigeni, lugha ni ngumu, na watoto humkodolea macho. Yeye sasa ndiye kuku mweupe, ingawa ngozi yake ni nyeusi. Ataonyeshwa mahali pa kukaa, na huenda pakawa Kaaga yake. Ataelekeza kidole na kuchekwa. Atapewa jina asilolichagua. Akiwa amewasikiliza wazee wa kwao walipomsimulia habari za wale wa kwanza, atajua kwamba hayo yote si matusi. Ni watu wanaomtazama ili wajue kama anafaa kusikilizwa.

Wala jambo hili si la watu wa dini tu. Karani anayehamishwa kutoka wilaya yake kwenda nyingine, mwalimu anayepelekwa kufundisha asikozaliwa, bwana shamba anayefika kijijini akiwa na mbegu mpya mkononi, wote hupitia siku hizo hizo. Wana barua yenye mhuri inayosema kwamba wana kazi ya kuwafundisha watu. Barua hiyo huwafikisha mpaka mlangoni. Kuingia ndani ni juu ya mwenye nyumba.

Methali nyingine husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huidhani kuwa methali ya kumfukuza mgeni au kumchosha. Lakini mwenye nyumba hampi jembe lake mtu asiyemwamini, wala hamruhusu kukanyaga shamba lake mtu anayemwogopa. Jembe la siku ya tatu ni heshima. Mgeni akilipokea, na aulize kwanza mpaka uko wapi.